Kapasita ya Mchepuko na Redio ya Babu

Sisi wa kidato cha nne tumekwisha kufika katika habari za elektroniki, na kila mmoja wetu sasa aweza kuchora saketi ya kikuza sauti chenye transista moja: transista katikati, rezista nne, kapasita moja ya kuingizia sauti na moja ya kuitolea. Walakini mwalimu wetu wa fizikia aliposahihisha zoezi la mwezi wa Mei aliona kwamba zaidi ya nusu ya darasa tumeisahau kapasita ya tatu, ile isimamayo kando ya rezista ya emita. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikatwa alama moja, nikanung'unika kwamba kitu chenyewe ni cha pembeni tu. Yaliyonipata katika likizo ya mwezi wa Juni ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii, kwa maana kitu kile cha pembeni kilimwondolea mzee wangu heshima yake nyumbani kwake, na mimi nilisaidia kumwondolea.

Masomo haya twafundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo wasomaji wataniwia radhi nikitumia maneno ya mafundi na mengine niliyoyaokota mwenyewe.

Kwetu ni Ilala, hatua chache kutoka sokoni. Babu yangu mzaa mama ana redio ya transista aliyoletewa na ndugu yake, baharia, mwaka 1974. Ni sanduku jeusi la plastiki, nalo hutumia betri nne kubwa. Kwa miaka mingi alama ya FM iliyo katika kioo chake haikuwa na kazi kubwa hapa kwetu, mpaka miaka ya 1990 vituo vya watu binafsi vilipoanza kutangaza Dar es Salaam. Babu hupenda kusema kwamba alipewa mlango mwaka 1974 nao ukafunguka miaka ishirini baadaye. Jioni huiweka redio barazani akasikiliza taarifa ya habari, na siku za mpira hakuna amsemeshaye, kwa kuwa yeye ni mtu wa Msimbazi.

Nilipofika likizoni niliona mambo yamebadilika. Babu alikuwa haketi tena barazani. Alikuwa chumbani, redio ameibana sikioni kama mtu asikilizaye saa ya mkononi, na kifungo cha sauti amekizungusha mpaka mwisho. Mama akaninong'oneza kwamba masikio ya Babu yamekwisha, na huu ni mwaka wa pili. Watoto wa nyumbani walikuwa wamezoea kumpigia kelele wakimwamkia, "Shikamoo Babu!" kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde la Msimbazi, naye huitikia "Marahaba" kwa sauti ndogo tu. Mambo ya nyumba, ya ada na ya harusi ya binamu yangu, yalikuwa yakizungumzwa mbele yake bila ya yeye kuulizwa, kwa kuwa ati hasikii. Alipolalamika kwamba watangazaji wa siku hizi hawana sauti, wamebakiwa na "s" na "sh" tu kama nyenje, sote tulicheka. Nawaomba wasomaji walikumbuke lalamiko hilo.

Basi mimi nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu. Nikamwazima mjomba wangu mita yake, kwa kuwa yeye hutengeneza simu, nikaifungua redio mezani mbele ya watu wote. Ndani ya kifuniko mmebandikwa ramani ya saketi, na katika kila transista zimeandikwa volti zitakiwazo katika miguu yake mitatu. Nikapima mguu kwa mguu. Transista zote volti zake zilikuwa kama zilivyoandikwa, au karibu sana. Nikafunga skrubu, nikasema kwa fahari, "Babu, redio yako ni nzima. Volti zote ziko sawa."

Babu akanitazama kitambo. Kisha akasema, "Basi ni mimi."

Kesho yake asubuhi akaniita. Tangu utoto wangu hunitania kwamba mimi na yeye tumemwoa Bibi kwa pamoja, akaniambia, "Haya, mume mwenzangu, ichukue hii. Kaiuze vyuma vyake Kariakoo upate nauli ya kurudia shule. Mimi hainifai tena."

Nikashika njia ya Mtaa wa Uhuru kwa miguu, redio iko kwapani katika mfuko wa rambo. Kwenda Kariakoo kutafuta vyombo vya redio si kama zamani. Maduka mengi sasa ni ya simu na televisheni, na redio yenye transista moja moja ni kama kuuza taa ya kandili. Lakini katika kichochoro kimoja kinachotokea Mtaa wa Uhuru yuko fundi mzee ambaye meza yake imejaa makopo ya rezista na kapasita. Nikamwamkia, nikamwambia shida yangu. Hakunijibu kuhusu bei. Alitia betri, akafungua, akaitega sikio kwa muda kama nusu dakika, akaniuliza, "Hii ina ubaya gani?"

Nikamwambia, "Haina ubaya, Fundi. Mwenyewe ndiye asiyesikia."

"Umepima nini?"

"Volti zote."

Akacheka. "Wewe umeipima ikiwa imelala," akasema. "Mtu aliyelala utajuaje kama ni bubu?"

Akafungua kifuniko, akatazama ramani, akachukua kapasita mpya yenye maandishi ya mikrofaradi 100. Akaangalia kwanza mguu upi ni wa chanya. Kisha bila kulehemu chochote akaigusisha miguu yake juu ya miguu ya kapasita ya zamani iliyokuwa kando ya rezista ya emita, katika transista inayosukuma zile mbili za mwisho. Sauti ikaruka. Mtangazaji aliyekuwa akinong'ona alipiga ukelele hata mwenye duka la jirani akageuka. Fundi akaondoa kapasita, sauti ikazama. Akaigusisha tena, ikapanda. Alifanya hivyo mara tatu, nadhani ya tatu ilikuwa kwa ajili yangu, maana nilikuwa nimesimama kinywa wazi.

Sasa yafaa nieleze kwa nini kitu kisichobadilisha volti hata moja chaweza kuzima sauti namna ile.

Transista ilipatikana mwishoni mwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani, na watu watatu, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1956. Ina miguu mitatu: emita, beisi na kolekta. Mkondo mdogo uingiao katika beisi hutawala mkondo mkubwa upitao toka kolekta hata emita. Ukiitikisa kidogo beisi kwa sauti, mkondo mkubwa nao hutikisika kwa mfano uleule, nasi huupitisha mkondo huo katika rezista ya kolekta ili mtikisiko wake uonekane kama volti kubwa. Huko ndiko kukuza sauti.

Walakini transista ina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni joto. Kwa kila digrii moja ya Selsiasi joto linapopanda, volti itakiwayo kati ya beisi na emita hupungua kwa milivolti 2 hivi. Jambo hili laonekana dogo. Lakini chukua redio iliyoachwa barazani, asubuhi ina digrii 24 ndani yake, na adhuhuri jua limeipata imefika 50. Hiyo ni tofauti ya digrii 26, yaani milivolti 52. Kama beisi imeshikwa pale pale ilipokuwa asubuhi, mkondo wa transista utataka kupanda yapata mara saba. Katika saketi ndogo ya darasani betri na rezista ya kolekta haziwezi kutoa kiasi hicho, basi transista hubanwa kabisa na sauti hunyongwa. Na katika saketi nyingine mkondo ukizidi huzidisha joto, joto likazidisha mkondo, mpaka transista ikaungua.

Kwa ajili hiyo huwekwa rezista chini ya emita. Mkondo ukitaka kupanda, volti juu ya rezista hiyo hupanda pia, emita huinuka kuelekea beisi, nayo nafasi iliyo kati yao hupungua, na mkondo hurudishwa mahali pake. Ikiwa juu ya rezista hiyo mna volti 1 hivi, joto lile la adhuhuri badala ya kuzidisha mkondo mara saba litauzidisha sehemu 5 hivi tu kwa 100. Rezista hii ni kama kiranja mkali. Tatizo lake ni kwamba hajui kutofautisha. Joto likipandisha mkondo polepole, huuzuia. Na sauti ya mtangazaji ikiutikisa mkondo mara mia au elfu kwa sekunde, huizuia vilevile. Kwa hiyo kikuza sauti huwa salama, lakini hakikuzi.

Hapo ndipo kapasita inapoingia. Kapasita haipitishi umeme uliotulia, uendao upande mmoja; hupitisha umeme wa kwenda na kurudi tu, na kadiri mwendo wa kwenda na kurudi unavyokuwa wa kasi ndivyo inavyoupitisha kwa urahisi. Tukiisimamisha kando ya rezista ya emita, sauti hupata njia yake ya pekee kwenda ardhini bila kupita kwa kiranja, na mkondo uliotulia, ambao ndio mwenye kubeba habari za joto, hubaki katika rezista na kuangaliwa kama kawaida. Kwa Kiswahili naiita kapasita ya mchepuko, kwa kuwa barabara iuzungukayo mji huitwa hivyo. (Wenzangu wa kidato cha nne msicheke, hapa neno hili ni la barabara tu.) Mfano ulio karibu zaidi na kwetu ni Barabara ya Msimbazi pale Kariakoo. Mabasi ya mwendokasi yana njia yake tangu mwaka 2016, na daladala, bajaji na mikokoteni hubaki katika njia yao wakisongamana. Ukiifunga njia ya mwendokasi, mikokoteni haitaona tofauti yoyote. Watakaochelewa ni abiria wa mabasi. Na mtu mwenye kuhesabu mikokoteni tu, kama nilivyofanya mimi kwa mita yangu, ataandika kwamba barabara haina shida.

Ndiyo maana ya neno la fundi kwamba niliipima redio ikiwa imelala. Mita ikiwekwa katika volti za betri husoma umeme uliotulia, na kapasita ya mchepuko haina fungu lolote katika huo. Ikiwa nzima au imekufa, emita husoma ileile. Mafundi wazuri wanajua, nami sasa najua, kwamba volti zikiwa sawa na sauti ikawa dhaifu, hiyo yenyewe ni dalili ya kwenda kuzitazama kapasita. Mimi niliifanya kuwa ushahidi dhidi ya mzee.

Niliporudi shule nilimweleza mwalimu, naye akatupa ruhusa ya kuutumia ubao wa majaribio siku za Jumamosi. Tulitumia betri ya volti 9 na transista ya BC547. Rezista za beisi zilikuwa omu 47,000 na omu 10,000, ya kolekta omu 3,900, na ya emita omu 1,000. Mkondo ukatulia kwenye miliampea 0.9 hivi. Sauti tuliitoa katika simu ya mwalimu, maana sisi wa bwenini simu haturuhusiwi, tukaipunguza mpaka milivolti 5 kabla ya kuiingiza. Bila kapasita ya mchepuko tulipata volti 0.02 katika kolekta, yaani ilikuzwa mara 4 tu. Hesabu nayo yasema hivyo, kwa maana ukuzaji hapo ni omu 3,900 zikigawanywa kwa zile omu 1,000 za emita. Tulipochomeka kapasita ya mikrofaradi 100 mita ikapanda hata karibu volti 0.6, mara 120. Kwa hesabu ilitakiwa iwe kama mara 140, kwa kuwa rezista ya emita ikiisha kuchepukwa hubaki ule ukinzani mdogo ulio ndani ya transista yenyewe, ambao kwa mkondo wetu ni omu 28 tu. Upungufu huo hatukuusumbukia. Toka mara 4 hata mara 120 kwa kitu ambacho bei yake Kariakoo haikufika chapati mbili!

Lakini nilifanya kosa moja ambalo ni bora niliungame, kwa kuwa nadhani wengi watalifanya. Kabla ya kuchomeka ile ya 100 nilikuwa nimepiga hesabu yangu mwenyewe ya ukubwa ufaao. Nilisema: rezista ni omu 1,000, kapasita ya mikrofaradi 10 ina ukinzani sawa na huo kwenye mitetemo 16 kwa sekunde, na sikio la mtu halisikii chini ya mitetemo 20, basi 10 yatosha, 100 ni israfu. Tukaiweka ya 10 na kuunganisha kipaza sauti kidogo. Sauti ikatoka nyembamba, kama ya mtu aliyebanwa pua. Mwalimu akatuacha tukune vichwa mpaka kengele ya chakula. Jumamosi iliyofuata ndipo akauliza: "Sauti ikiacha njia ya rezista, inashindana na nini?" Haishindani na omu 1,000 tena, inashindana na zile omu 28 za ndani. Ukifanya hesabu kwa 28, kapasita ya mikrofaradi 10 huanza kuipunguza sauti kuanzia mitetemo 570 kushuka chini, na ile ya 100 huanza kwenye 57. Sauti ya mwanamume akizungumza husimama mahali pa mitetemo 100 hivi. Kwa hiyo yangu ilikuwa imemkata mtu miguu na kumwachia kichwa.

Kuna jambo jingine ambalo mwalimu alituonyesha kwa haraka, nami nalipitisha kwa haraka vilevile. Kiranja yule wa emita, pamoja na kuzuia, hunyoosha sauti. Ukimchepuka kabisa, sauti kubwa ikiingia hutoka imepindika. Mafundi wengine hugawa rezista mara mbili, omu 100 na omu 900, wakaichepuka ile ya 900 tu. Tulijaribu. Sauti hukuzwa mara 30 tu lakini husikika safi zaidi.

Narudi kwa kapasita ya Babu. Fundi aliitoa kwa chuma cha kulehemea, akatia mpya, akanipa ile mzoga. Nilikuja nayo shule. Imeandikwa mikrofaradi 100, lakini mita ya mwalimu inayopima kapasita ilisoma 1.7. Kapasita za namna hii zina karatasi nyembamba za aluminiamu zilizokunjwa pamoja na karatasi iliyolowa maji ya kemikali. Juu ya aluminiamu moja mna ngozi nyembamba mno ya kutu yake, na wembamba huo ndio unaokiwezesha kitu kidogo kama punje ya hindi kuwa na mikrofaradi nyingi. Ukiigeuza chanya kuwa hasi ngozi ile huharibika, kapasita ikapata moto na hata kupasuka, ndiyo sababu fundi aliangalia miguu kwanza. Na hata isipogeuzwa, yale maji hukauka kwa miaka, na joto huyakausha upesi. Twaambiwa kila digrii 10 zikiongezeka maisha yake hupungua kwa nusu hivi. Redio hii imekaa Dar es Salaam tangu 1974, nusu ya umri wake barazani juani. Haikufa siku moja. Ilikauka kidogo kidogo, nasi kila mwaka tuliona Babu amezidi kuwa kiziwi kidogo.

Sasa fikirini hesabu ya hiyo 1.7. Kwa mitetemo 100 ukinzani wake ni omu 940 hivi, karibu sawa na kutokuwapo kabisa. Kwa mitetemo 5,000 ni omu 19 tu, njia iko wazi. Maana yake ni kwamba katika redio ya Babu sauti nene zilikuwa zimezama, na sauti nyembamba za juu zilikuwa zikipita. Sauti nyembamba za juu katika maneno ya watu ni zipi? Ni "s" na "sh". Babu alikuwa akituambia kwa usahihi kabisa ni kapasita gani iliyokufa, nasi tukamcheka. Tena kuna zaidi. Nilimwuliza mwalimu wetu wa biolojia, akaniambia kwamba masikio ya wazee huanza kupoteza sauti za juu kwanza, ndizo hizo za "s" na "sh". Kama masikio ya Babu ndiyo yaliyoharibika namna tuliyodhani, angelilalamika kinyume chake, kwamba anasikia mngurumo lakini maneno hayakatiki. Ushahidi wa kumwondolea lawama ulikuwa kinywani mwake tangu mwanzo, wala haukuhitaji mita.

Siku ile ya Kariakoo nilirudi nyumbani alasiri. Nikaiweka redio barazani, nikaifungua kabla sijasema neno. Babu akatoka chumbani. "Ipunguze," akasema, "utawaamsha wanaolala." Nikaipunguza. Akaketi mahali pake. Kwa kitambo akasikiliza, kisha bila kunitazama akaniuliza, "Ilikuwa nini?"

Nikamwonyesha ile kapasita iliyokauka. Akaishika kwa vidole viwili, akaipeleka karibu na macho.

"Ndiyo hii nilikuwa mimi?" akasema.

Nikamwambia, "Nisamehe, Babu. Nilipima vibaya."

"Hukupima vibaya," akasema. "Ulisema upesi."

Kusema kweli upande wa kushoto Babu hasikii sawasawa, na ukimwita kutoka nyuma hapana budi umwite mara ya pili. Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba masikio yake ni ya kijana. Lakini usiku ule yalipozungumzwa mambo ya harusi ya binamu yangu, Babu akasema kutoka barazani kwamba mahari waliyotajiwa ni kubwa mno, na nyumba nzima ikanyamaza. Mama ndiye aliyecheka kwanza.

Imebaki kapasita moja. Babu, kama wazee wengi, betri zikichoka huzianika juu ya ukuta wa uani zipate nguvu, nazo hupata nguvu za siku moja au mbili. Katika siku hizo redio, ikipandishwa sauti, hulia "tu-tu-tu-tu" kama mashine ya boti pale Feri. Hiyo nayo ni kazi ya mchepuko, ila si wa emita. Betri iliyochoka ina ukinzani mwingi ndani yake. Transista za mwisho zikivuta mkondo mkubwa, volti ya betri huinama, na transista za mwanzo, ambazo zakula katika sahani moja, huuona mwinamo huo kama sauti, huukuza na kuupeleka mbele, nao hurudi tena, na mzunguko hauna mwisho. Kapasita kubwa iliyowekwa baina ya chanya na hasi ya betri huwa akiba ya karibu ya kuzuia mwinamo huo. Ya Babu ni ya mikrofaradi 220, na fundi aliniambia kwamba nayo ni ya tangu 1974. Fedha zangu zilikuwa zimekwisha siku ile. Nimekwisha kuinunua kwa mkono wa mwenzangu wa kutwa aliyepita Kariakoo, iko katika kasha langu la kalamu, na nitaitia mwezi wa Desemba baada ya mtihani. Hadi hapo nimemwomba Babu anunue betri mpya. Amekataa; yasemekana za zamani bado ziko ukutani.